Shamba Wanaloliita Mbuga

Kwa miaka minne sasa, Jumamosi ya pili ya kila mwezi, inyeshe isinyeshe, ninavaa glavu na buti za mpira na kwenda kukata magugu katika bustani ya umma mjini Victoria, kwenye kisiwa cha Vancouver, magharibi kabisa mwa Kanada. Silipwi. Napewa kahawa na biskuti. Wenzangu wengi ni wastaafu wenye magoti mabovu, na wanayapiga magoti hayo hayo kwenye matope ya Januari kwa saa tatu bila kulalamika. Nawapenda. Nalisema hili mapema kwa sababu yanayofuata hayatawafurahisha, na najua wapo wawili watatu watakaoyapitisha kwenye programu ya tafsiri.

Tunacholinda ni mialoni na nyasi zilizo chini yake. Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa kama mimi, mwaloni ni pale dagaa wanaposhushwa. Kwa wengine ni mti wa kwenye Biblia, ule wa Mamre. Huu wa Victoria unaitwa mwaloni wa Garry, kwa jina la kigogo mmoja wa Kampuni ya Hudson's Bay, na ndio mwaloni pekee wa asili katika jimbo lote la British Columbia. Ni mti mzito, matawi yamepinda kama vidole vya mzee mwenye baridi yabisi. Haipendi kubanana. Inakaa mbalimbali, na katikati yake panakuwa na uwanda wa nyasi ambao mwezi Aprili na Mei unageuka buluu kwa maua, buluu ya khanga mpya. Katika jimbo zima, uwanda wa namna hiyo uliobaki katika hali inayokaribia ya zamani ni chini ya asilimia 5. Uliosalia umelaliwa na lami na nyumba, au umemezwa na vichaka. Zaidi ya spishi 100 zinazoishi humo ziko hatarini kutoweka.

Kwa hiyo kazi ni ya kweli na haraka yake ni ya kweli. Adui wetu mkubwa ni kichaka wanachokiita ufagio wa Uskoti. Kinatoa maua ya manjano mazuri sana, kisha maganda yake yanapasuka kwenye jua kwa mlio kama wa mafuta ya moto na kurusha mbegu huku na huko, na mbegu hizo zinaweza kukaa ardhini miongo kadhaa zikisubiri. Ukikivuta kwa nguvu unatifua udongo na kuziamsha. Kwa hiyo mashina makubwa tunayakata chini kabisa, usawa wa ardhi, na tunarudi mwaka unaofuata, na unaofuata. (Mimi mhamiaji nikisikia wenzangu wakisema "huyu mgeni lazima aondoke" huwa nacheka peke yangu. Nimewazoea.)

Kosa liko kwenye hotuba ya asubuhi. Kila tukianza kazi, kiongozi wetu hutukumbusha kwamba tunairudisha mbuga ilivyokuwa kabla ya binadamu kuiharibu. Asili ipumue, anasema. Na mimi nimeitikia kwa kichwa miaka minne, nikipuliza kahawa yangu, wakati najua kuwa si kweli. Hapajawahi kuwa na mbuga isiyoguswa pale. Palikuwa na shamba.

Ua lile la buluu lina kiazi chini yake, mfano wa kitunguu kidogo. Kwa Kiingereza linaitwa camas, na kwa kuwa matamshi yake yanakaribia mno kamasi zetu, nitatumia jina la wenyewe, watu wa Lekwungen: kwetlal. Wenyewe hao ndio mataifa ya Songhees na Esquimalt ya leo, na mji wa Victoria umekaa juu ya ardhi yao. Kwetlal ilikuwa chakula chao kikuu cha wanga, na walioilima walikuwa hasa wanawake. Familia zilikuwa na sehemu zao, zikirithishana. Walipalilia. Walitoa mawe. Wakati wa maua walipita kung'oa mmea mwingine unaofanana nayo, wenye maua meupe, ambao kiazi chake kinaua mtu. Maua yakishakauka huwezi tena kuvitofautisha kirahisi, kwa hiyo kazi hiyo haikuahirishwa. Kisha walichimba kwa muo, ule mti uliochongwa ncha, wakachukua viazi vikubwa na kurudisha vidogo kwenye udongo uliolegezwa. Wakishamaliza mavuno, mwisho wa kiangazi, walichoma moto. Moto mwepesi wa nyasi kavu, unaopita haraka. Gome nene la mwaloni linaustahimili. Miche ya msonobari haiustahimili.

Huo ndio utaratibu mzima. Uondoe moto, na katika maisha ya mtu mmoja misonobari inaota kati ya mialoni, inaipita kwa urefu, inaifunika, na uwanda unakwisha. Uondoe uchimbaji, na udongo unashindiliwa na nyasi zinajifunga kama mkeka. Maua ya buluu yanayopigwa picha na watalii kila Mei ni shamba ambalo mavuno yake yamesimama kwa lazima.

Mwaka 1842 James Douglas alitumwa na Kampuni ya Hudson's Bay kutafuta mahali pa kujenga ngome mpya, na mwaka uliofuata ngome ikasimama. Alipoiona nchi hii alimwandikia rafiki yake akiifananisha na Edeni. Sikuzote huwa najiuliza alikuwa anatazama wapi. Alisimama katikati ya shamba lililopaliliwa, lililochomwa kwa ratiba, wenye shamba wako mbele yake, akaona bustani iliyojiotea. Mwaka 1850 alipoandikiana mikataba nao, ardhi ilihama kwa Kampuni na wao wakaahidiwa kubaki na vijiji vyao na mashamba yao yaliyozungushiwa uzio. Uzio! Nani anazungushia uzio shamba ambalo kila jirani anajua ni la shangazi ya fulani? Uwanda wa kwetlal haukuwa na uzio, basi haukuwa shamba, basi ulikuwa wazi kwa ng'ombe na nguruwe wa walowezi. Mwaka huo huo wa 1850, inasimuliwa, Kapteni Walter Grant alipanda huko Sooke mbegu za ufagio wa Uskoti alizozipata Hawaii. Mwaka 1862 ndui iliingia Victoria na kuua watu wa pwani hii kwa maelfu. Mwaka 1874 jimbo likatunga sheria ya moto wa porini, na kuchoma shamba lako kukawa kosa. Mwaka 1911 kijiji cha Songhees kilichokuwa kikitazamana na mji kikahamishwa.

Yaani kwa miaka 60 na kitu, wakulima waliondolewa hatua kwa hatua kwenye shamba. Lilipoanza kuota vichaka, wajukuu wa walowezi wakaja na mikasi kuliokoa kutoka kwa "binadamu".

Ninayajua haya kwa ngozi yangu, maana nimetoka Shinyanga. Nimekulia kwenye ngitili. Kwa asiyejua: ngitili ni eneo ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza. Hakuna ng'ombe kuingia. Nyasi na miti inapumzika hadi kiangazi kinapokolea na malisho mengine yamekwisha; hapo ndipo linafunguliwa, kwa sehemu, kwa zamu. Ya babu yangu ilikuwa nyuma ya nyumba, na nilishawahi kuchapwa kwa kumwachia ndama aingie mwezi wa pili. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeendesha ukataji mkubwa wa pori ili kuwamaliza mbung'o. Baadaye ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa, ngitili nyingi zikaachwa bila mwenyewe. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 watu walikuwa wakiiita Shinyanga jangwa, na hawakutania.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wangeweza kufanya kama wanavyofanya wengi: kuleta miche ya kigeni, kuweka walinzi na kuwafukuza wafugaji. Kilichofanya kazi kikawa kingine. Wazee waliulizwa zamani ilikuwaje, wakasema ngitili, na ngitili zikarudi, za familia na za kijiji, sheria zikisimamiwa na mikutano ya jadi, dagashida, na sungusungu. Mwanzoni zilikuwa zimebaki hekta mia chache tu zinazojulikana. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Miti ilirudi kwa sababu mtu alitaka nyasi za ng'ombe wake, kuni, asali, dawa ya tumbo, nguzo za nyumba. Hakuna aliyemwambia babu yangu aipe asili nafasi ya kupumua. Angemwuliza mtu huyo kama amekula.

Nisiifanye Shinyanga kuwa paradiso. Kulikuwa na ubabe, maskini wasio na ng'ombe waliona wenye nazo wakifunga ardhi, na sungusungu si malaika. Lakini jambo moja lilikuwa wazi kuliko lilivyo hapa: kurudisha ardhi na kuitumia ilikuwa kazi moja.

Sasa nieleze nilichokifanya, au tuseme ambacho sikukifanya. Ilikuwa Jumamosi ya Mei, mwaka wangu wa pili. Tulikuwa tumemaliza kipande kizuri, chungu ya ufagio uliokatwa imefika kifuani. Akaja mama mmoja wa makamo, mwenyeji, na binti wa kama miaka kumi. Mama alikuwa na muo mkononi na mfuko wa kitambaa. Akapiga goti kando ya jiwe, akamwonyesha binti jambo kwenye majani, akachomeka muo.

Kiongozi wetu alimfuata. Ni mtu mpole, na alisema kwa upole. "Samahani, mama. Kuchimba mimea ya asili hakuruhusiwi humu. Tunajaribu kuirudisha."

Mama alimtazama kwa muda. Akasema, "Bibi yangu alikuwa anachimba hapa."

"Naelewa," kiongozi akasema. "Lakini sheria ni ya kila mtu."

Binti akamwuliza mama yake kitu kwa sauti ya chini. Sikusikia swali wala jibu. Wakaondoka. Kiongozi alirudi akiwa amekunja uso, kwa kweli alikuwa amesikitika, akasema anaelewa uchungu wao ila tukimruhusu mmoja tutawaruhusu wote. Watu wakaitikia. Nami nikaitikia. Kwenye ile chungu ya ufagio, miguuni pangu, kulikuwa na viazi vya kwetlal vilivyong'oka na mizizi asubuhi ile, labda kumi na tano, vimekwisha kunyauka kwenye jua. Sisi tulikuwa na kibali.

Mimi ni mtu wa ngitili. Katika watu kumi na wawili waliosimama pale, ni mimi pekee niliyejua hasa kilichotendeka. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa mgeni na nilitaka kupendwa. Nimelibeba hili, na sitaki kulibeba kimyakimya tena.

Hoja za wenzangu nazijua, nimekunywa nazo kahawa. Ya kwanza ndiyo nzito: kimebaki kidogo mno, tukianza kuchimba kitakwisha. Lakini kilikwisha kwa ng'ombe, kwa nyumba, kwa kuzuiwa moto. Hakuna uwanda hata mmoja katika mji huu uliomalizwa na mwanamke mwenye muo. Karne nyingi za kuchimba ndizo zilizotupa hicho kidogo tunachokilinda. Anayechimba kwa ujuzi anarudisha vidogo, analegeza udongo, anaacha mbegu zidondoke mahali palipofunguka. Kama ni wasiwasi wa idadi, upimwe uchimbaji huo kwa miaka kadhaa, sehemu kwa sehemu. Sisi wajitoleaji tunapenda sana kuhesabu vitu. Tuhesabu na hilo.

Hoja ya "sheria ni ya kila mtu" haistahili muda mrefu. Sheria ya 1874 nayo ilikuwa ya kila mtu. Ilimkataza Mwingereza kuchoma shamba la kwetlal ambalo hakuwa nalo.

Ya tatu inaniuma kwa sababu ina ukweli: udongo wa mjini si salama kwa chakula. Mbwa wanajisaidia humo, na dawa za kuua magugu zimepigwa katika bustani nyingi. Sawa. Lakini sikilizeni tunavyosema. Tumechafua jiko la mtu, kisha tunamzuia kupika kwa sababu jiko ni chafu. Kama udongo una sumu, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya marejesho, kabla ya kupanda ua lolote: mbwa wafungwe kamba, dawa ikome, udongo upimwe na majibu wapewe wenye shamba.

Na wala si kwamba njia haijulikani. Cheryl Bryce, mwanamke wa Songhees, amekuwa kwa miaka mingi akiirudisha mifumo ya kwetlal katika ardhi ya watu wake, na huwaalika watu wa kujitolea kuja kukata ufagio chini ya uongozi wake. Magugu ni yale yale, mikasi ni ile ile. Tofauti ni nani anasema wapi pakatwe na kwa ajili ya nini. Karibu na Duncan, saa moja kaskazini kwa gari, kuna hifadhi ya mialoni ambako uchomaji wa kupangwa umefanyika, na mialoni bado imesimama. Januari 2021 shirika moja la ardhi lilitangaza kununua kisiwa kidogo cha SISȻENEM, eka karibu 10 zenye maua haya haya, ili hati yake irudishwe kwa watu wa W̱SÁNEĆ. Hawakuomba watu hao wajitolee Jumamosi. Waliamua kuwarudishia ardhi.

Kwa hiyo ninachodai kwa kikundi changu ni hiki. Tuache kusema "kabla ya binadamu". Tuandikie manispaa, sote tukitia sahihi, kwamba kanuni za bustani ziwatambue Lekwungen kuwa na haki ya kuvuna na kutunza, bila wao kuomba kibali kila mara kama watalii. Ratiba yetu ya kazi iulizwe kwao kwanza, na wakisema kipande fulani tukiache, tukiache. Suala la moto liingie kwenye mpango wa mwaka, na wazima moto waitwe waje wakae meza moja na wanaojua kuuwasha. Na pesa. Tunaomba ruzuku kwa jina la uwanda huu. Sehemu ya ruzuku hiyo iwalipe wanaojua, maana wale wanaoitwa kila mwaka kuja kutufungulia mkutano kwa maneno mawili ya lugha yao hawajalipwa kitu zaidi ya zile biskuti.

Niliyasema haya kwenye mkutano wa Februari. Kiingereza changu kikishika moto kinageuka Kisukuma katikati, lakini nadhani nilieleweka. Wawili waliniunga mkono. Mmoja alisema ninaleta siasa kwenye bustani. Kiongozi alisema wazo ni zuri na litaundiwa kamati, na mtu yeyote aliyekulia Tanzania anajua kamati ni nini.

Sijaacha kwenda. Ufagio hausubiri mjadala uishe. Ila Jumamosi ya nne ya mwezi sasa naenda kwenye kundi jingine, dogo, ambalo mwenye ardhi ndiye mwenye neno. Huko siulizwi maoni yangu, nami nimegundua sina haja ya kuulizwa.

Ni huko nilikoalikwa, kiangazi kilichopita, kwenye mpiko wa shimo. Walichimba shimo, wakachoma mawe humo mpaka yakawa meupe, wakatandika majani mabichi, wakaweka kwetlal, wakafunika kwa majani mengine na udongo, wakamimina maji kwenye tundu lililoachwa na fimbo. Kisha tukangoja hadi kesho yake. Kiazi hicho kibichi hakina utamu. Lazima kikae kwenye mvuke siku nzima au zaidi ndipo wanga wake ugeuke sukari. Kilipofukuliwa kilikuwa kahawia, kimenata, kimesinyaa. Nikaweka kimoja mdomoni na nikalazimika kugeuka pembeni. Ilikuwa ladha ya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, ambavyo bibi alikuwa akinitilia mfukoni ninapokwenda shule.

Nikamwuliza mpishi wamevichimba wapi. Akanyoosha kidole baharini, kwenye visiwa vilivyo mbele ya mji, ambako watu wake wangali na ardhi yao. Walikwenda kwa boti, akasema, siku nzima kwenda na kurudi, kwa sababu mawimbi yalikuwa mabaya. Kutoka pale tulipokaa hadi kwenye bustani ninayokata ufagio ni dakika kumi na tano kwa baiskeli.